Kava si takataka

Nina filamu moja nyumbani ambayo haina filamu.

Niliipata Tom Mboya Street, kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya gunia jioni, kanjo wakishaenda zao. Katikati ya vitabu vya mitihani na riwaya za mapenzi zilizokosa kurasa kulikuwa na boksi nene la DVD, Seven Samurai, toleo la kampuni ya Criterion ya Marekani. Nikafungua. Nafasi tatu za diski, zote tatu wazi.

"Boss, hii haina CD," nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. "Ndiyo maana ni soo. Ingekuwa nazo ungenipa ngiri."

Nikatoa soo. Nilichokuwa nimeona na yeye hajakijali ni kijitabu kilichobaki ndani ya boksi. Nilikianza kwenye matatu, nikakimaliza kitandani. Sidney Lumet na Arthur Penn, waongozaji wakubwa wa Marekani, wameandika humo kuhusu Akira Kurosawa. Kuna mahojiano na Toshiro Mifune mwenyewe, yule samurai mwenye kelele. Filamu yenyewe ni ya 1954, ina dakika 207, na niliiona miezi kadhaa baadaye kwenye laptop ya rafiki. Nilipoiona nilikuwa kama mgeni anayefika kwa watu ambao habari zao ameshazisikia. Rafiki yangu alilala kabla ya saa ya kwanza kuisha. Mimi sikupepesa.

Kwa hivyo wasee wakiniambia kwamba wanaokusanya DVD na kugombana kuhusu kava na karatasi ni wagonjwa, mimi nasita. Nusu ya yale wanayogombania ni upuzi, kweli. Lakini nusu nyingine ni jambo ambalo sisi hapa Nairobi tulipaswa kuligombania kitambo, na tumechelewa vibaya.

Acha nianze na upuzi, kwa sababu una utamu wake.

Kwa asiyewajua, hawa ni watu, wengi wao Marekani, Ulaya na Japani, ambao mpaka leo wananunua filamu za kushika mkononi. Ungedhani wangekuwa wamekata tamaa. Funai, kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Netflix ilituma DVD yake ya mwisho, ndani ya ile bahasha nyekundu, tarehe 29 Septemba 2023. Mwaka uliofuata Best Buy, duka kubwa la elektroniki la Marekani, likaacha kuuza diski za filamu. Soko la watu wote limekufa. Waliobaki ni wale wenye mapenzi ya dhati, na kampuni zinazowalenga wao: Criterion kule Marekani, Arrow Video, Eureka na BFI kule Uingereza. Anayetaka kutazama tu atastrimu. Anayetoa pesa kwa diski anataka kitu, na kitu kina sura, kina uzito, kina mgongo unaoonekana kwenye rafu.

Hapo ndipo vita huanza. Kuna wakati kampuni zilianza kutumia makasha yenye matundu, plastiki imekatwa katikati ili itumike kidogo. Kwa wakusanyaji ilikuwa kama kutukaniwa mama. Ukibonyeza kava mahali penye tundu, karatasi inabonyea na haikunjuki tena. Walichofanya wengi ni kununua makasha matupu mazima, kuhamisha diski, na kutupa yale yenye matundu. Yaani plastiki iliyokusudiwa kupunguzwa ikawa mara mbili. Walikuwa na haki ya kulalamika, lakini hapo kwa hesabu wote wawili, kampuni na mteja, wamefeli.

Kabla ya hapo walikuwa wamekasirikia kasha la kadibodi lililotumiwa sana na Warner Bros. siku za mwanzo za DVD, lile lenye ubavu wa plastiki wa kubana. Kadibodi ilichakaa pembeni, ikapinda, ikalowa jasho la mkono. Hilo hakuna mkusanyaji aliyelilia lilipoondoka. Maboksi yenye mifuko ya karatasi, unayochomoa diski kama kadi ya ATM, nayo yanalaaniwa kwa sababu yanakwaruza. Hapa nawaunga mkono bila maswali. Kasha ambalo linaharibu kile lililopewa kazi ya kukilinda halina cha kujitetea.

Halafu kuna koti. Namaanisha kava ya kadibodi inayovalishwa juu ya kasha la plastiki, mara nyingi ikiwa na picha ileile iliyo chini yake. Fikiria kuvaa fulana yenye picha ya fulana. Koti hili mara nyingi huja na toleo la kwanza tu, likiisha limeisha, basi filamu ileile, diski ileile, inauzwa bei nyingine kabisa kwa sababu ya kadibodi. Wakusanyaji wenyewe wamegawanyika. Kuna wanaosema bila koti kitu hakijakamilika. Kuna wanaosema koti ni mtego wa walanguzi. Mimi niko na hao wa pili, ingawa nakiri sijawahi kumiliki koti lolote.

Nembo za umri nazo ni kesi. Ujerumani nembo ya FSK kwenye kava ni kubwa, ina rangi ya kuwaka, na huwezi kuikwepa. Wanunuzi walilalamika hadi kampuni nyingi zikaanza kuchapisha kava pande mbili: nje yenye nembo kama sheria inavyotaka, ndani picha safi. Ukifika nyumbani unaigeuza. Arrow nao hutumia ujanja huo kwa njia nzuri zaidi. Upande mmoja wanaweka mchoro mpya waliomlipa msanii auchore, upande wa pili posta ya zamani ya filamu. Unachagua. Hilo ni jambo dogo sana na linanifurahisha kupita kiasi.

Upuzi wenyewe hasa ni huu wa kutofungua. Wapo wanaonunua na kuacha nailoni ya kiwandani juu milele. Wengine hupeleka kanda za VHS kwa wataalamu wa kupima hali yake, zikapewa alama, zikafungiwa ndani ya plastiki ngumu. Juni 2022, kwenye mnada wa Heritage kule Marekani, kanda ya VHS ya Back to the Future iliyokuwa haijafunguliwa iliuzwa dola 75,000. Dola elfu sabini na tano kwa kanda ambayo ukiitazama umeiharibu. Hiyo si filamu tena. Hiyo ni shamba la urithi lenye title deed.

Sasa nije kwa karatasi.

DVD za mwanzo, kuanzia 1997 zilipoingia Marekani, nyingi zilikuwa na karatasi ndani, angalau orodha ya sehemu za filamu na picha nyuma. Baadaye karatasi ikaondolewa. Hakuna mtu aliyetangaza. Siku moja unafungua kasha, vile vibanio viwili vya kushikia kijitabu vipo, lakini havishiki chochote, au vinashika tangazo. Kampuni ziliona hakuna anayesoma. Zile ndogo ndizo zilizoendelea, na hata zenyewe zimejifunza ubahili: Arrow na BFI wanakuwekea kijitabu kwenye chapa ya kwanza tu, ukichelewa unapata kasha tupu. Criterion nao katika miaka ya 2010 walianza kwenye filamu nyingi kuweka karatasi moja ndefu iliyokunjwa kama ramani badala ya kijitabu chenye kurasa. Ukishaikunjua, kuirudisha ilivyokuwa ni kama kukunja shuka lenye lastiki. Wakusanyaji walipiga kelele. Kwa nje inaonekana ni kelele ileile ya matundu na makoti. Mimi nasema si ileile.

Kwa nini? Kwa sababu kijitabu kizuri kinakuambia vitu ambavyo picha yenyewe haiwezi kukuambia. Nani alipiga picha. Nakala ipi ya filamu ilitumika kutengeneza diski, ilipatikana wapi, nani aliisafisha, rangi zilirekebishwaje. Mfano wa karibu nasi: Touki Bouki, filamu ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ya mwaka 1973. Ilirekebishwa 2008 kule Bologna, Italia, chini ya mradi wa World Cinema Project ulioanzishwa na Martin Scorsese mwaka 2007. Mwaka 2013 Criterion wakaitoa ndani ya boksi moja na filamu nyingine tano, na kijitabu chenye makala. Moroko imo humo, Uturuki imo, Mexico imo. Kenya haimo. Na kabla hujakasirika, jiulize kama wangekuja leo kutafuta filamu yetu moja ya zamani, nani angewapa majina ya walioitengeneza.

Hilo swali linaniuma mimi binafsi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, 2017. Karo iliisha, hadithi ni ndefu na si ya leo. Nikaingia kazi kwenye movie shop moja Umoja, kibanda cha mabati cha mita mbili kwa tatu, kompyuta moja, printa moja iliyokuwa ikimeza karatasi. Kazi yangu ilikuwa kuchoma diski na kutengeneza kava. Ndiyo, ulikuwa wizi wa kazi za watu. Sifichi. Nilikuwa napakua posta, napanga mbili kwa A4 moja, naprinti, nakata kwa wembe na rula ya chuma, nachomeka kwenye nailoni pamoja na diski. Hamsini bob. Agosti 28 mwaka huohuo marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza, mdosi aliingiwa na baridi akidhani hata vile vinailoni vyetu vitatupeleka ndani, tukakaa wiki mbili tukikunja karatasi za manila kama bahasha. Zilikuwa mbaya ajabu. Ukweli ni kwamba zililinda diski vizuri kuliko nailoni.

Nilichojifunza pale ni kwamba watu hawakumbuki filamu kwa jina. Wanakumbuka kava.

"Kijana, nipe ile ya msichana wa nguo nyekundu, bwana yake amemkataa."

"Ni ya Nigeria ama ya Ufilipino, mathe?"

"Si nimekwambia nguo nyekundu?"

Na nilikuwa naijua. Naenda rafu ya tatu naivuta. Kwa hivyo nikiwasikia wakusanyaji wakibishana kwamba kampuni fulani imebadilisha picha ya kava na imewaharibia kumbukumbu, siwacheki. Yule mama wa Umoja angewaelewa.

Kava zetu zilidanganya, hilo pia nalikubali. Zile diski za kutoka China zenye filamu ishirini ndani ya moja, mbele vichwa kumi na viwili vimebandikwa juu ya moto na helikopta, nyuma maelezo ya filamu nyingine kabisa. Mdosi alikuwa anabandika namba 18 ya bodi ya filamu kwenye kitu chochote kilichokwama, kwa sababu 18 inauza. Lakini uongo wa kava haukuzaliwa mtaani kwetu. Uingereza, 1982, kanda ya The Driller Killer ya Abel Ferrara ilitangazwa magazetini kwa kava yake: mwanamume anapiga mayowe huku ncha ya drili ikizama kwenye paji la uso wake. Malalamiko yakafurika. Filamu yenyewe, ukiitazama, sehemu kubwa ni msanii asiye na kodi ya nyumba anayesumbuliwa na bendi ya majirani wenye kelele. Lakini kava ile, pamoja na nyingine za aina yake, ilisaidia kuwasha hasira zilizozaa Sheria ya Rekodi za Video ya 1984, na kanda nyingi zikapigwa marufuku. Karatasi moja ilisaidia kubadilisha sheria ya nchi. Leo kanda za chapa ile ndizo wakusanyaji wa VHS wanazisaka.

Basi, mzee mmoja.

Ilikuwa 2019, adhuhuri, duka halina watu. Akaingia mzee wa koti la suti na sweta ndani, akatoa bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kava ya VCD. Kava halisi, iliyochapishwa kiwandani, si ya wembe wangu. Ilikuwa komedi ya Kikuyu ya miaka ya 2000, zile za Riverwood. Kwa walio wadogo: Riverwood ni jina lililotokana na River Road, ambako waigizaji na maprodusa wa lugha za nyumbani walikuwa wakirekodi filamu kwa bajeti ya chai, wanachapisha VCD na kuziuza wenyewe madukani na kwa wachuuzi. Hakukuwa na sinema kubwa wala mtandao. Diski na kava, basi.

"Kijana, unayo hii?"

"Sina, mzee wangu. Diski yake iko wapi?"

"Diski ilikufa. Ilikuwa inakwama, sasa haishiki kabisa." Akaweka kidole nyuma ya kava, kwenye jina la nne. "Huyu ni kijana yangu. Alikuwa polisi humu ndani. Polisi wa mchezo." Akanyamaza kidogo. "Alituacha."

Nikatafuta YouTube. Nikatafuta kwenye hard disk zote mbili za mdosi. Hakuna. Nikageuza kava nitafute namba ya prodyusa, kwa sababu karibu zote za Riverwood zilikuwa nayo chini, zile namba za 0722 na 0733 za wakati huo. Ilikuwepo. Lakini ilikaa pale pale kwenye mkunjo, na mkunjo ulikuwa umekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa zimeisha.

Kungekuwa na kava nyingine kama ile popote, tungeisoma namba. Sasa sikiliza. Mwezi mmoja kabla, mdosi alikuwa ameniambia nisafishe nyuma ya duka. Aliyekuwa na kibanda kabla yetu alikuwa ameacha makatoni mawili ya kava za VCD za zamani, bila diski. Nilizichoma moto zote nyuma ya choo. Zilichukua saa nzima kuungua kwa sababu karatasi ya kung'aa haishiki moto haraka. Sijui kama ya mzee ilikuwemo. Sikuangalia hata moja.

Mzee alikunja kava yake, akairudisha kwenye bahasha, akanishukuru. Sikumwomba namba ya simu. Hata jina la filamu sikuliandika, na leo silikumbuki.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kava ni mapambo. Kwa filamu za Criterion, kava ikipotea kuna vitabu, kuna maktaba, kuna maprofesa. Kwa filamu ya River Road, mara nyingi kava ndiyo makumbusho yote. Jina la aliyecheza polisi liko pale na huenda haliko kwingine kokote duniani. Diski ya kuchoma hufa haraka, joto, vumbi, mkwaruzo mmoja. Karatasi inadumu kuliko diski, na sisi tulichotupa kwanza ni karatasi.

Usiniambie pia kwamba striming imetatua. Kwanza, filamu hizo nyingi hazijawekwa huko. Pili, angalia striming inavyofanya na yale yaliyokuwa kwenye karatasi. Majina yanaanza kupita mwishoni, skrini inajikunja kuwa kidirisha kidogo, sekunde chache na filamu nyingine imeanza. Na kava? Netflix walishaeleza wenyewe kwamba picha unayoonyeshwa huchaguliwa kulingana na yale unayopenda kutazama. Mimi naonyeshwa filamu moja kwa sura ya bunduki, wewe unaonyeshwa ileile kwa sura ya busu. Yule mama wa nguo nyekundu angefanya nini hapo? Na filamu ikiondolewa, inaondoka pamoja na kila kitu. Mei 2023 Disney+ waliondoa makumi ya vipindi vyao wenyewe, kikiwemo Willow kilichokuwa kimetoka miezi michache tu kabla. Kwa vile vilivyokuwa havijatoka kwenye diski, hakuna aliyebaki na hata karatasi.

Sasa nataka nini? Sitaki tuanze kununua Blu-ray za Criterion. Kwanza za Marekani zimefungwa kwa eneo A na Afrika tuko eneo B, mashine nyingi utakayonunua Luthuli Avenue itakukatalia, na ukiongeza usafiri na ushuru umelipa kodi ya nyumba. Wala sitaki turudi kwa VCD. Nataka mambo mawili na ninayataka kutoka kwa watu wa rika langu, wanaopiga filamu fupi kwa simu na kamera za kukodi.

Kwanza, andikeni kijitabu. Nimehudhuria maonyesho ya bure ya filamu za vijana hapa mjini, watu wanapiga makofi, wanapiga selfi, wanaenda. Mwezi ujao ukiuliza nani alishika kamera, hakuna anayejua. Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili, yenye majina yote, mwaka, mahali palipopigwa picha, kamera gani, na aya mbili za mwongozaji akisema alitaka nini na alishindwa wapi. Kwa cyber yoyote hiyo si pesa ya kukuzuia. Kuna maprodusa wataniambia wana Instagram. Akaunti ikidukuliwa ama nenosiri likisahaulika, je? Na tafadhali, namba ya simu isikae kwenye mkunjo.

Pili, kabla hujatupa, geuza. Ukirudi ushago Desemba, chini ya televisheni ya nyanya yako kuna droo. Ndani ya hiyo droo kuna VCD za injili, za komedi, za harusi ya anti, na diski zenyewe huenda zimekufa zote. Kava piga picha pande mbili, kwa mwanga wa mchana, majina yasomeke. Hapo nawaazima wale wagonjwa wa Ulaya tabia yao moja nzuri: wanaangalia karatasi kwa makini, wanajua chapa ya kwanza na ya pili, wanajua kilichobadilishwa nyuma ya kasha na kwa nini. Wanaiheshimu kama ushahidi. Ule ugonjwa wa kuifungia kwenye plastiki waubaki nao.

Mimi nimeanza. Movie shop zinavyofungwa, za mwisho mwisho zinageuka kuwa za M-Pesa na za kuuza vifuniko vya simu, napita nauliza kama wana kava za zamani. Wengi wananipa bure, mmoja alinidai mia mbili. Kufikia sasa ninazo 43. Tatu hazisomeki kwa sababu ya maji. Kumi na moja zina namba za simu zilizo kamili na nimezipigia zote. Saba hazipo tena. Mbili sasa ni za watu wengine, mmoja wao ni mwanamke wa Kisii aliyenicheka sana. Mbili zilipokelewa na wenyewe.

Wa kwanza alidhani nataka kumkopesha pesa, akakata. Wa pili, mzee sasa, aliniambia aliuza mashine zake zote 2012 na hana nakala hata moja ya filamu alizotoa. Aliniuliza nimeona kava gani. Nikamtajia. Akasema nimtumie picha kwa WhatsApp, nikamtumia upande wa mbele. Ilichukua dakika mbili hivi alama za bluu zikaonekana, halafu akaandika akiniuliza kama upande wa nyuma pia upo.